Mwepu Ilunga: Beki wa Lubumbashi aliyechekwa na dunia

Tarehe 22 Juni 1974, katika uwanja wa Parkstadion mjini Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, beki wa kulia wa Zaire alichomoka katika ukuta wa wenzake na kuubutua mbali mpira ambao Wabrazili walikuwa wameutenga kwa ajili ya kupiga adhabu. Tukio hilo lilichukua sekunde chache. Joseph Mwepu Ilunga aliishi nalo karibu miaka 41 iliyofuata, hadi kifo chake, na kwa sehemu kubwa ya muda huo watu walioliona kwenye televisheni waliamini kwamba walikuwa wamemwona mchezaji asiyejua sheria za mpira.

Alikuwa akizijua. Mtu aliyefika Gelsenkirchen akiwa na jezi namba 2 ya bingwa wa Afrika, akitokea katika klabu ambayo ilikuwa imecheza fainali nne mfululizo za Kombe la Mabingwa wa bara hilo, hakuwa mgeni wa mpira wa adhabu.

Mwepu alizaliwa tarehe 22 Agosti 1949, wakati Kongo ilipokuwa koloni la Ubelgiji. Jina lake halitenganishiki na Lubumbashi, mji uliokuwa ukiitwa Elisabethville hadi mwaka 1966, na uliojengwa juu ya shaba. Kampuni ya madini ya Union Minière ilikuwa imekusanya wafanyakazi huko kutoka Kasai, Maniema na hata Ruanda-Urundi, na katika makambi ya migodi watu hao wa lugha mbalimbali wakaelewana kwa Kiswahili. Kiswahili hicho ni ndugu wa kile kinachosemwa Kalemie na Uvira, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika masoko ya samaki na mawese ya mwambao wa Burundi. Kutoka Muhuta na Rumonge, siku ya anga safi, milima ya Kongo huonekana upande wa pili wa maji, na kwa watu wa mwambao huo habari za timu ya Lubumbashi hazikuwa habari za nchi ya mbali.

Klabu yenyewe ilianzishwa mwaka 1939 na wamisionari wa Kibenedikto kwa jina la Mtakatifu Georges. Baadaye ikachukua jina la Englebert, kampuni ya matairi, na ilipomaliza msimu wa 1966 bila kushindwa ikajiongezea sifa ya Tout Puissant, yaani yenye nguvu zote. Sifa hiyo haikuwa majivuno matupu. Mwaka 1967 ilitwaa Kombe la Mabingwa wa Afrika, na mwaka 1968 ikalitetea kwa kuifunga Étoile Filante ya Togo, jambo ambalo hakuna klabu iliyokuwa imelifanya kabla yake. Ilifika fainali tena mwaka 1969 na 1970, ikashindwa na Ismaily ya Misri, kisha na Asante Kotoko ya Ghana. Katika nyumba hiyo ndimo Mwepu alimokulia kimpira, na ndimo alimochezea maisha yake yote ya klabu. Walinzi wenzake hapo walikuwa Mwanza Mukombo upande wa kushoto na Bwanga Tshimen katikati, aliyechaguliwa mchezaji bora wa Afrika mwaka 1973. Langoni alikuwapo Kazadi Mwamba. Ngome ya taifa la Zaire ilikuwa, kwa kiasi kikubwa, ngome ya Lubumbashi.

Mpira wa rais

Kuichezea timu hiyo ya taifa kulimaanisha pia kuwa mali ya rais. Mobutu Sese Seko, aliyenyakua madaraka mwaka 1965, alielewa mapema uwezo wa mpira. Aliwarudisha nyumbani wachezaji wa Kongo waliokuwa wakicheza Ubelgiji, akawafungia wengine njia ya kwenda ng'ambo, na timu ikapewa jina la Chui, mnyama ambaye ngozi yake ndiyo kofia ya rais mwenyewe. Mwaka 1968 Chui hao waliifunga Ghana 1-0 mjini Addis Ababa na kuwa mabingwa wa Afrika. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire. Mwaka uliofuata sera ya kurejea uasilia ikapiga marufuku majina ya Kikristo, na hivyo Joseph akaondoka katika orodha za timu, akabaki Mwepu Ilunga.

Tarehe 9 Desemba 1973 Zaire iliilaza Morocco 3-0 mjini Kinshasa na kujikatia tiketi ya Kombe la Dunia, ikiwa nchi ya kwanza kusini mwa Jangwa la Sahara kufanya hivyo. Miezi mitatu baadaye, nchini Misri, iliwatoa wenyeji 3-2 katika nusu fainali, ikatoka sare ya 2-2 na Zambia katika fainali, na kuishinda 2-0 mchezo uliporudiwa. Ndaye Mulamba alifunga mabao yote manne dhidi ya Zambia, na jumla ya tisa katika mashindano hayo. Mobutu aliwazawadia wachezaji nyumba na magari. Mwepu alikuwa na umri wa miaka 24, na hakukuwa na sababu ya kudhani kwamba kilele cha maisha yake kilikuwa tayari kimepita.

Fedha zilizopotea

Mchezo wa kwanza Ujerumani, tarehe 14 Juni mjini Dortmund, Zaire ilifungwa na Uskoti 2-0. Haikuwa aibu. Uskoti ilikuwa na wachezaji wa Leeds na Manchester, na Waafrika waliwasumbua vya kutosha. Msiba ulikuwa nje ya uwanja. Wachezaji walitambua kwamba malipo waliyoahidiwa hayangewafikia. Kwa maelezo waliyoyatoa wenyewe miaka mingi baadaye, fedha zilikuwa zimeishia mikononi mwa maofisa walioandamana na timu kwa wingi. Wakaazimia kutocheza mchezo wa pili. Walishawishiwa kuingia uwanjani, lakini miguu ilikwenda bila moyo.

Dhidi ya Yugoslavia, tarehe 18 Juni, walifungwa mabao matatu katika dakika 18 za kwanza. Kocha Blagoje Vidinić, ambaye naye alikuwa Myugoslavia, akamtoa Kazadi na kumwingiza Tubilandu Ndimbi, kipa mfupi ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kuokota mpira wavuni. Kubadilisha kipa asiyeumia katika dakika ya 21 kulizua maswali ambayo hayakwisha, na Vidinić alielekeza kidole kwa maofisa wa serikali. Baada ya bao la nne wachezaji wa Zaire walimzonga mwamuzi, Omar Delgado wa Colombia, na katika msukumano huo mmoja wao akampiga teke. Delgado alimtoa Ndaye Mulamba. Kwa mujibu wa masimulizi ya kikosi hicho, mguu uliompiga mwamuzi ulikuwa wa Mwepu. Ndaye, mfungaji wao mkuu, alitoka kwa kosa la mwenzake, na beki akabaki uwanjani kuhesabu mabao. Yalikuwa sita kufikia mapumziko, na tisa mwishoni.

Sehemu hii ya habari hutajwa mara chache wanaposimulia kisa cha mpira wa adhabu, nayo ni hasara, kwa sababu inaonyesha kijana aliyekuwa amekwisha kuvunjika siku nne kabla ya siku anayokumbukwa nayo. Ghadhabu aliyomwonyesha Delgado haikuwa ya mtu asiyeelewa mchezo.

Zawadi ziligeuka vitisho. Wachezaji wa Zaire wamesimulia kwamba baada ya mabao tisa walinzi wa rais walifika hotelini, wakafunga milango kwa waandishi wa habari, na kuwapa ujumbe mfupi: wakifungwa na Brazil zaidi ya mabao matatu, wasitarajie kurudi nyumbani salama.

Dakika kumi na moja

Hesabu ya kundi iliifanya hali hiyo kuwa ngumu zaidi. Brazil, bingwa mtetezi, ilikuwa imetoka suluhu na Yugoslavia na Uskoti. Ilihitaji ushindi wa mabao matatu ili kuipita Uskoti na kusonga mbele. Kwa hiyo Zaire ilikabiliwa na mpinzani aliyehitaji matatu, huku yenyewe ikiwa imeambiwa isifungwe manne. Hakuna timu iliyowahi kutembea juu ya kamba nyembamba kuliko hiyo katika Kombe la Dunia.

Jairzinho alifunga mapema. Rivelino akafunga la pili katika kipindi cha pili. Dakika ya 79 shuti la Valdomiro, ambalo kipa angelidaka siku nyingine, lilimpita Kazadi na kuwa la tatu. Zilibaki dakika kumi na moja, na mpaka uliowekwa na walinzi wa rais ulikuwa sasa umefikiwa.

Ilipofika dakika ya 85 hivi Brazil ilipata mpira wa adhabu mahali ambapo mguu wa kushoto wa Rivelino ulikuwa umewaliza makipa wengi. Wazaire walipanga ukuta. Mwamuzi Nicolae Rainea wa Romania alipiga filimbi. Kabla Rivelino hajausogelea mpira, Mwepu alitoka mbio, akaupiga kwa nguvu zake zote hadi nusu nyingine ya uwanja, kisha akageuka kumwangalia mwamuzi. Wabrazili walishangaa, baadhi wakacheka. Rainea alitoa kadi ya njano. Mchezo ulimalizika 3-0. Brazil ikafuzu, Uskoti ikarudi nyumbani bila kupoteza mchezo hata mmoja, na Zaire ikaondoka bila pointi wala bao.

Kicheko kilianza papo hapo. Mtangazaji wa Uingereza aliyekuwa akielezea mchezo aliliita tendo hilo ujinga wa Kiafrika, na kwa miongo kadhaa picha ile ilirudiwa katika vipindi vya vichekesho vya mpira kila ilipokaribia Kombe la Dunia jingine. Hakuna aliyejishughulisha kumtafuta beki huyo na kumwuliza alikuwa na maana gani.

Hatimaye waandishi walipomfikia, Mwepu alieleza zaidi ya mara moja kwamba alifanya kwa makusudi. Alitaka kutolewa kwa kadi nyekundu. Hakuona sababu ya kuendelea kuumia ilhali walionufaika na jasho lake walikuwa wamekaa jukwaani wakitazama, na alishangaa kwamba mwamuzi alimhurumia. Pamoja na maelezo hayo yako yale ya hofu: kwamba alikuwa akipoteza muda ili bao la nne lisifungwe. Wapo wanaoona kwamba masimulizi haya mawili yanapingana. Si lazima. Mtu anayeogopa kurudi kwao anaweza pia kuwa na hasira na waliomtia hofu, na mguu mmoja unaweza kubeba yote mawili.

Ukimya

Chui walirudi Kinshasa bila shangwe. Walikuwa hai, ila rais aliyewapa magari hakuwa na haja nao tena. Mobutu aligeuzia macho mchezo mwingine, na mwezi Oktoba mwaka huohuo Muhammad Ali na George Foreman wakapigana ngumi mjini Kinshasa mbele ya dunia nzima. Wachezaji waliendelea na klabu zao na kuzeeka bila kiinua mgongo, katika nchi ambayo uchumi wake ulikuwa ukiporomoka.

Maisha ya Ndaye Mulamba yanaonyesha ukubwa wa kusahauliwa huko. Mwaka 1994 alipigwa risasi mguuni na watu wenye silaha, akakimbilia Afrika Kusini, akaishi huko akiwa mkimbizi. Mwaka 1998, wakati wa Kombe la Afrika nchini Burkina Faso, watazamaji walisimama dakika moja kwa ukimya kumwombolezea, kwa sababu ilikuwa imetangazwa kwamba amefariki. Alikuwa hai Cape Town, na aliishi hadi mwaka 2019.

Mwepu hakuikimbia nchi. Aliishi Kongo katika hali duni, na alipokuwa mtu mzima alikiri kwamba angalijua mapema mpira ungemfikisha wapi, angalichagua jembe na kuwa mkulima. Ni kauli nzito kwa mtu aliyeshika Kombe la Afrika akiwa na miaka 24. Klabu yake, iliyorudi kwa jina la Mazembe, ilitwaa tena ubingwa wa bara mwaka 2009 na 2010, na Desemba 2010 ikacheza fainali ya Kombe la Dunia la vilabu dhidi ya Inter ya Italia. Wachezaji wa kizazi hicho kipya walilipwa mishahara ambayo walinzi wa 1974 hawakuwahi kuiota.

Joseph Mwepu Ilunga alifariki dunia tarehe 8 Mei 2015, baada ya kuugua kwa muda mrefu, akiwa na umri wa miaka 65. Mashirika ya habari ya kimataifa yalitangaza kifo chake, na mengi yaliambatanisha picha ya mpira wa adhabu wa Gelsenkirchen. Safari hii mengi yao yalieleza pia sababu.