Azad: Kijana wa Miaka 24 Aliyeapa Makarao Hawatamshika Akiwa Hai

Kama hujawahi kuskia jina Chandrashekhar Azad, tulia hapo, hii stori ni yako. Huko India ukilitaja tu, wasee wanakumbuka picha moja: jamaa wa kifua wazi, uzi wa Kibrahmini umepita begani, vidole viko kwa masharubu akiyasokota kama mtu asiye na stress yoyote. Na huyo alikuwa anasakwa na serikali nzima ya mkoloni.

Lakini kuna swali moja aliuliza wiki chache kabla adedi, na hilo ndilo nataka uondoke nalo leo. Kwanza tuanze mwanzo.

Jina alilojipa kortini

Alizaliwa Julai 23, 1906, kijiji cha Bhabhra, sehemu ambayo leo iko jimbo la Madhya Pradesh. Jina la kuzaliwa ni Chandrashekhar Tiwari. Familia haikuwa na doh. Mathe yake alikuwa na ndoto moja tu, kijana awe msomi wa Kisanskriti, kwa hivyo akatumwa Banaras kusoma.

Masomo hayakufika mbali. Mwaka 1921 Gandhi alikuwa ameambia Wahindi waache kushirikiana na Waingereza: wasusie shule zao, korti zao na nguo zao. Chandrashekhar, miaka 15, akaingia barabarani na wengine. Akabebwa.

Alipofikishwa kwa hakimu akaulizwa jina. Akasema anaitwa Azad, yaani Huru. Jina la buda? Uhuru. Anaishi wapi? Jela. Waza wewe, kijana wa 15, mbele ya hakimu wa mkoloni, anajibu hivyo na uso mkavu. Hakimu hakucheka. Akamsukumia viboko 15, na inasimuliwa kwamba kila kiboko kikishuka, kijana alikuwa anapaza sauti kumsifu Gandhi.

Hapo ndipo Tiwari aliishia. Kutoka siku hiyo akawa Azad, na akaapa polisi hawatawahi kumtia pingu tena.

Gandhi akapiga breki

Februari 1922, mahali panaitwa Chauri Chaura, waandamanaji walichoma kituo cha polisi na makarao 22 wakafia hapo. Gandhi akasimamisha harakati nchi nzima. Kwake, uhuru wa kumwaga damu haukuwa uhuru.

Kwa vijana kama Azad, hiyo iliuma. Walikuwa wameacha shule, wamechapwa, wamefungwa, alafu ghafla wanaambiwa warudi nyumbani. Azad hakurudi. Akajiunga na mbogi ya siri, Hindustan Republican Association, iliyoanzishwa na wasee kama Ram Prasad Bismil na Sachindranath Sanyal.

Vita inataka ganji, na hawakuwa nayo. Agosti 9, 1925 wakasimamisha treni karibu na Kakori, jimbo la Uttar Pradesh ya leo, wakavunja sanduku la pesa za serikali. Mpango ulikuwa raia wasiguswe, lakini abiria mmoja aliuawa kwa risasi. Usiruke hiyo sehemu. Watu wengi wakisimulia hii stori huipita mbio.

Serikali ilikuja na moto. Desemba 1927 wanne wakanyongwa: Bismil, Ashfaqulla Khan, Rajendra Lahiri na Roshan Singh. Azad ndiye hakupatikana. Aliingia mitini karibu na Jhansi, akajifanya mtawa wa Kihindu, akaishi kibandani kando ya mto huko Orchha akifundisha watoto wa kijiji. Odijo mpole wa masharubu, kumbe ndiye polisi wanatafuta kila kona.

Mbogi inarudi na Bhagat Singh

Septemba 1928 waliobaki walikutana Delhi, kwa magofu ya Feroz Shah Kotla, wakafufua chama na kukiongezea neno Socialist. Hapo kulikuwa na kijana mwingine anaitwa Bhagat Singh. Bhagat alikuwa kichwa cha vitabu. Azad alikuwa komanda, yule anayejua nani analala wapi na chuma ziko wapi.

Miezi michache baadaye Lala Lajpat Rai, mwanasiasa mzee aliyeheshimika sana, alikufa baada ya kupigwa na polisi kwa maandamano Lahore. Vijana wakaamua kulipiza kwa James Scott, afisa aliyeamuru kichapo. Desemba 17, 1928 wakampiga risasi afisa mwingine kabisa, John Saunders. Walikosea mtu. Karao mmoja Mhindi, Chanan Singh, alipowafukuza, Azad akammaliza. Msee aliyepigania Wahindi aliua Mhindi aliyekuwa kazini. Ukitaka kumjua Azad, beba na hiyo pia.

Aprili 1929 Bhagat Singh na Batukeshwar Dutt wakarusha mabomu kwenye bunge la Delhi, wakabaki pale pale washikwe. Mmoja baada ya mwingine, mbogi ikaisha. Wengine ndani, wengine wakageuka mashahidi wa serikali. Azad akabaki nje, karibu peke yake.

Tao la mito miwili

Sasa tunafika Allahabad, ambalo tangu 2018 linaitwa rasmi Prayagraj. Hili ni tao la kitambo kaskazini mwa India, pale mito ya Ganges na Yamuna inakutana. Wahindu wanaamini kuna mto wa tatu usioonekana, Saraswati, unaoungana nayo hapo. Makutano yenyewe yanaitwa Sangam, na kila miaka 12 mamilioni ya watu humiminika kuoga hapo wakati wa Kumbh Mela. Mfalme Akbar alijenga ngome ukingoni mwaka 1583. Na ni hapo, Novemba 1858, Lord Canning alisoma tangazo la Malkia Victoria la kuiweka India chini ya taji la Uingereza.

Pia ndipo familia ya Nehru iliishi, kwa nyumba kubwa inaitwa Anand Bhavan. Mwanzoni mwa 1931 Azad alibisha hapo kumwona Jawaharlal Nehru, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa India. Nehru mwenyewe aliandika baadaye kuhusu hiyo ziara.

Wakati huo kulikuwa na fununu za handisheki kati ya Gandhi na Lord Irwin, mkubwa wa Waingereza India. Azad alitaka kujua kitu moja: wakubwa wakielewana, vijana kama yeye wataachwa waishi kwa amani, ama wataendelea kuwindwa kama wanyama? Kulingana na Nehru, Azad alikuwa tayari ameona kwamba bunduki peke yake haitaleta uhuru, ingawa hakuamini njia ya amani peke yake itatosha pia. Alikuwa anatafuta mlango wa kutokea.

Nehru hakuwa na jibu la kumpa.

Alfred Park

Asubuhi ya Februari 27, 1931 Azad alikuwa Alfred Park, bustani iliyopewa jina la mtoto wa Malkia Victoria. Alikuwa anaongea na mwenzake Sukhdev Raj. Polisi wakapata habari, wakaja wakiongozwa na Mwingereza anaitwa John Nott-Bower, wakazingira mahali.

Risasi zikaanza. Azad alijificha nyuma ya mti wa mzambarau, akajibu mapigo na kujeruhi maafisa wawili wa polisi. Akamsaidia Sukhdev Raj ahepe, yeye akabaki. Inasimuliwa kwamba alipobakiwa na risasi moja, alijimalizia nayo mwenyewe. Ile ahadi ya pingu aliitimiza, akiwa na miaka 24.

Polisi wakachoma mwili wake haraka ukingoni mwa Ganges, bila kutangazia watu. Haikusaidia. Raia wakaanza kwenda kwa ule mzambarau, wakiweka maua na kuuheshimu kama madhabahu, hadi serikali ikaukata.

Jibu la swali

Machi 5, siku sita tu baadaye, Gandhi na Irwin wakatia sahihi. Wafungwa wa kisiasa wakaachiliwa kwa maelfu, isipokuwa wale wa kesi za kutumia nguvu. Machi 23, Bhagat Singh, Rajguru na Sukhdev Thapar wakanyongwa Lahore. Azad angekuwa hai, angepata jibu lake hapo.

Usinielewe vibaya. Gandhi alikuwa na sababu zake, na damu iliyomwagwa na mbogi ya Azad haiwezi kuoshwa na wimbo wowote wa kishujaa. Lakini angalia vile mambo huenda: vijana huwa mbele wakati wa moshi, na karatasi ya amani ikifika mezani, majina yao hayako.

Leo ile bustani inaitwa Chandrashekhar Azad Park. Sanamu yake iko hapo, amesimama akisokota masharubu, na bastola yake iko kwa jumba la makumbusho la Allahabad, ndani ya hiyo hiyo bustani. Jina la mtoto wa malkia liliondoka. Lile ambalo kijana wa miaka 15 alijipa mbele ya hakimu ndilo limebaki getini.

Sasa wewe niambie: ungekuwa Nehru siku hiyo, huyo msee amesimama mlangoni kwako anangoja jibu, ungemwambia nini?