Wallace Sabine: Mwanafizikia aliyeufundisha ulimwengu kupima sauti ya chumba

MIONGONI mwa vifaa vinavyouzwa pamoja na risiva za sinema ya nyumbani, kimo kimoja kidogo ambacho wanunuzi wengi hukiacha ndani ya boksi. Ni maikrofoni yenye waya mrefu, isiyokusudiwa kuimbia wala kuhutubia.

Maikrofoni hiyo huwekwa mahali anapokaa msikilizaji, kisha spika hutoa milio maalumu, moja baada ya nyingine. Programu iliyomo ndani ya risiva huisikiliza milio hiyo na kupima jinsi chumba kinavyoibadilisha sauti kabla haijalifikia sikio.

Wazo la kwamba athari ya chumba katika sauti yaweza kupimwa kwa namba, badala ya kubahatishwa, lina mwanzilishi wake. Huyo ni Wallace Clement Sabine, mwanafizikia wa Marekani aliyefariki dunia mwaka 1919 akiwa na umri wa miaka 50.

Sabine hakuwa na programu wala maikrofoni ya kupimia. Alikuwa na filimbi ya kinanda, chombo cha kuhesabu muda, masikio yake mawili na shehena ya mito ya viti ya kuazima.

Alizaliwa Juni 13, 1868 katika mji mdogo wa Richwood, jimbo la Ohio. Alikuwa mwanafunzi mwepesi wa kuelewa, na alihitimu Chuo Kikuu cha Ohio State mwaka 1886, akiwa kijana wa miaka 18 tu.

Kutoka hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Harvard, karibu na Boston, ambako alipata shahada ya uzamili mwaka 1888. Alibaki chuoni hapo kama mwalimu wa fizikia na hakupata kuchukua shahada ya uzamivu. Wenzake walimfahamu zaidi kama mwalimu hodari kuliko mtafiti mwenye jina.

Mkasa uliobadili maisha yake ulianzia katika jengo jipya. Mwaka 1895 Harvard ilifungua Jumba la Sanaa la Fogg, lililosanifiwa na msanifu mashuhuri Richard Morris Hunt. Ndani yake mlikuwa na ukumbi wa mihadhara wa kupendeza macho, lakini mhadhiri akisimama kusema, wasikilizaji hawakuambulia kitu.

Sababu ilikuwa mwangwi. Kuta na dari ngumu za ukumbi huo ziliirudisha sauti huku na huko, hata neno moja likaendelea kusikika kwa zaidi ya sekunde 5. Katika muda huo msemaji wa mwendo wa taratibu huwa amekwisha kutamka silabi nyingine 12 hadi 15. Maneno yote hayo yalivurugana hewani kwa pamoja.

Rais wa chuo, Charles Eliot, alimwita Sabine na kumtaka atafute dawa. Mwalimu huyo alikuwa na miaka 27. Wakati huo hapakuwa na elimu ya uhakika ya jambo hilo. Wasanifu wengi walitegemea uzoefu, kuiga majumba ya zamani na bahati. Wapo walioamini kwamba nyaya zilizotandazwa chini ya dari huondoa mwangwi, jambo ambalo Sabine mwenyewe alikuja kuonyesha kuwa halina faida.

Karibu na Fogg palikuwa na ukumbi mwingine wa chuo, Sanders Theatre, uliosifiwa kwa usikivu wake. Sabine aliona kwamba tofauti kubwa haikuwa katika umbo tu, bali pia katika vitu vilivyomo. Viti vya Sanders vilikuwa na mito. Akaomba kuiazima.

Kazi ilifanyika usiku wa manane, kwa kuwa mchana kelele za wanafunzi na za tramu mitaani zisingeruhusu kipimo cha maana. Yeye na wasaidizi wachache walibeba mito kutoka Sanders hadi Fogg, wakaipanga, wakapima, kisha wakairudisha kabla ya kupambazuka ili ikutwe mahali pake asubuhi.

Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza ila mgumu kuutekeleza. Filimbi ya kinanda yenye mlio wa mitetemo 512 kwa sekunde ilipigwa mpaka sauti ikajaa ukumbini. Ikakatwa ghafla, na Sabine akatega sikio gizani mpaka pale ambapo hakusikia chochote tena. Muda huo ndio aliouandika.

Ukumbi ulipokuwa mtupu, mwangwi ulidumu sekunde 5.62. Kila mito ilipoongezwa, muda ulipungua. Mito yote ya Sanders ilipokuwa imewekwa juu ya viti, njiani, jukwaani na hata kuufunika ukuta wa nyuma, muda ulishuka hadi sekunde 1.14.

Hapo Sabine akawa amepata jambo la msingi. Sauti haipotei yenyewe, bali hufyonzwa na vitu inavyovigusa, na kila kitu kina kiwango chake cha kufyonza. Alipima mazulia, mapazia, viti na watu. Alibaini kuwa mwili wa mtu mmoja hupunguza mwangwi kwa kiasi kinachokaribia cha mito sita.

Alihitaji pia kizio cha kulinganishia. Akachagua dirisha lililo wazi, kwa kuwa sauti inayotoka dirishani hairudi tena. Eneo la mita moja ya mraba ya dirisha wazi likawa ndilo kipimo cha ufyonzaji kamili, na vitu vingine vyote vikapimwa kwa kulilinganisha nalo.

Uaminifu wake katika vipimo ulipata mtihani mkali. Wakati fulani aligundua kuwa majibu yake yalipotoka kidogo kwa sababu ya nguo alizovaa yeye mwenyewe, kwani suti nzito hufyonza sauti zaidi ya nguo nyepesi. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo na mtu mwingine angeifumbia macho. Sabine aliyatupa maelfu ya vipimo alivyokwisha kuvipata na kuanza upya, na tangu hapo akawa anavaa mavazi yale yale kila alipopima.

Miaka miwili ilipita na Eliot akaanza kukosa subira, kwani alichokihitaji ni ukumbi unaofaa kwa masomo. Sabine alikubali, na kuta za ukumbi wa Fogg zikabandikwa manyoya yaliyoshindiliwa ya kufyonza sauti. Ukumbi haukuwa mzuri kupita kiasi, lakini tangu mwaka 1898 mihadhara iliweza kusikika.

Mwaka huo huo wa 1898 mtihani mkubwa zaidi ulibisha hodi. Tajiri Henry Lee Higginson, mwanzilishi wa okestra ya Boston Symphony, alikuwa akijiandaa kujenga ukumbi mpya wa muziki, kazi iliyokabidhiwa kwa wasanifu wa McKim, Mead & White. Eliot alimpendekeza Sabine awe mshauri wa sauti.

Sabine alisita. Kurekebisha ukumbi uliokwisha kujengwa ni jambo moja, na kutabiri sauti ya ukumbi ambao bado uko kwenye karatasi ni jambo jingine kabisa. Kosa lake lingejengwa kwa matofali, na fedha nyingi za mfadhili zingekuwa zimeteketea.

Alizirudia daftari zake. Oktoba 29, 1898, akiwa nyumbani, aliona kilichokuwa kimejificha ndani ya namba hizo. Ukizidisha muda wa mwangwi kwa jumla ya ufyonzaji wa chumba, jibu halibadiliki, na jibu hilo huenda sambamba na ukubwa wa chumba. Siku iliyofuata alimwandikia Eliot kumwarifu kuwa yuko tayari.

Kwa vipimo vya mita, kanuni hiyo husomeka hivi siku hizi: chukua ujazo wa chumba, zidisha kwa 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya ufyonzaji. Jibu ni sekunde ambazo sauti huchukua kushuka hadi sehemu moja ya milioni ya nguvu yake ya awali.

Tuchukue mfano wa sebule yenye urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3, yaani mita za ujazo 60. Ikiwa ina vigae na kuta tupu, na ufyonzaji wake wote ni sawa na mita za mraba 8 za dirisha wazi, mwangwi utadumu takriban sekunde 1.2. Ukiingiza zulia, mapazia mazito na makochi hata ufyonzaji ukafika mita 20, muda hushuka hadi karibu nusu sekunde.

Kwa kanuni hiyo Sabine aliingia katika michoro ya Boston. Ukumbi wa kuigwa ulikuwa Gewandhaus wa Leipzig, Ujerumani, uliofunguliwa mwaka 1884. Lakini Boston ilihitaji viti vingi zaidi. Hesabu zake zilionyesha kuwa kuukuza ukumbi wa Leipzig pande zote kwa uwiano ule ule kungeufikisha mwangwi kwenye sekunde 3 hivi, na muziki ungezama.

Badala yake uliamuliwa ukumbi mrefu na mwembamba wenye umbo la boksi la viatu na roshani za ngazi mbili. Alikadiria mwangwi wa sekunde 2.31, karibu sawa kabisa na 2.30 aliyoikokotoa kwa Leipzig.

Symphony Hall ilifunguliwa Oktoba 15, 1900. Ulikuwa ukumbi wa kwanza wa muziki kusanifiwa kwa kufuata kanuni za kisayansi za sauti. Mwaka huo huo Sabine alichapisha matokeo ya utafiti wake na pia alifunga ndoa na daktari Jane Downes Kelly. Walijaliwa watoto wawili wa kike.

Hata hivyo, sifa hazikuja mara moja. Baadhi ya wahakiki wa muziki wa Boston hawakuridhika na sauti ya ukumbi mpya na hawakuficha kutoridhika kwao. Aidha, vipimo vya miaka ya baadaye vilionyesha kuwa ukumbi ukiwa umejaa watu mwangwi wake ni karibu sekunde 1.9, pungufu ya makadirio yake.

Muda ndio uliotoa hukumu. Leo Symphony Hall huhesabiwa miongoni mwa kumbi bora kabisa za muziki duniani, sambamba na Musikverein wa Vienna na Concertgebouw wa Amsterdam.

Sabine mwenyewe hakusimama hapo. Aliendelea kupima sauti nene na nyembamba, na kuonyesha kuwa kitu kimoja hufyonza kila aina ya sauti kwa kiwango tofauti. Zulia laweza kuzimeza sauti nyembamba huku besi ikipita kama vile hakuna kitu. Alipiga pia picha za mawimbi ya sauti ndani ya mifano midogo ya kumbi za maonyesho, na kushirikiana na Rafael Guastavino mdogo kutengeneza vigae vya kufyonza sauti.

Mwaka 1906 alikuwa mkuu wa shule ya sayansi ya Harvard, wadhifa uliomlemea kwa kazi za utawala. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto alikwenda Ufaransa, akafundisha Sorbonne na kusaidia kazi za kivita za mataifa washirika, licha ya ugonjwa wa figo uliokuwa ukimsumbua. Aliporejea nyumbani alipewa majukumu Washington katika idara ya utengenezaji wa ndege, huku akiendelea kufundisha Harvard.

Mwili haukustahimili. Sabine alifariki dunia Januari 10, 1919, baada ya upasuaji. Maabara iliyojengwa kwa ajili yake na tajiri George Fabyan huko Geneva, jimbo la Illinois, ilikuwa imekamilika, lakini hakuwahi kufanya utafiti ndani yake. Binamu yake, Paul Sabine, ndiye aliyeichukua kazi hiyo.

Zaidi ya miaka 80 baadaye, kupima chumba kuliingia majumbani. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California walianzisha kampuni ya Audyssey, ambayo programu yake iliwekwa ndani ya risiva nyingi. Watengenezaji wengine nao walitoa za kwao.

Programu hizo hukokotoa umbali wa kila spika, nguvu ya sauti yake na mahali ambapo chumba kimeikuza au kuimeza. Kisha huirekebisha sauti kabla haijatoka kwenye spika.

Masharti yake yangemchekesha Sabine kwa jinsi anavyoyajua. Zima feni na kiyoyozi, nyamazisha watu, na acha samani zikae kama zinavyokaa siku zote. Weka maikrofoni kwenye kigoda cha miguu mitatu kwa kimo cha sikio, usiishike mkononi, kwa maana mwili na nguo za mpimaji huiharibu hesabu. Pima mahali zaidi ya pamoja.

Ni kweli kwamba kanuni yake inafaa zaidi kwenye kumbi kubwa. Katika sebule ndogo besi hufuata tabia nyingine, ikivimba pembeni na kufifia katikati, na hapo programu husaidia sana kupunguza uvimbe huo.

Lakini mwangwi wa sauti za kati na za juu ni habari nyingine. Programu huigusa sauti ikiwa bado haijatoka kwenye spika, haina mkono wa kuigusa ikishaanza kugonga kuta. Mwenye sebule ya vigae na madirisha makubwa atasikia mazungumzo ya filamu yakivurugika hata baada ya risiva kumaliza vipimo vyake vyote. Dawa yake bado ni ile ya mwaka 1895: zulia, mapazia, makochi na watu.

Ukumbi wa Fogg uliomwanzishia safari ulibomolewa mwaka 1973. Maandishi yake yalikusanywa na kuchapishwa mwaka 1922, kizio cha ufyonzaji wa sauti kikapewa jina la sabin, na tangu mwaka 1957 Chama cha Akustika cha Marekani hutoa nishani yenye jina lake kwa mabingwa wa sauti za majengo.