Rachel Carson na Somo la Kemia

Katika kufundisha kemia huku Moa, kaskazini ya Tanga, twaona yafaa kuanza na maisha ya Rachel Carson. Alizaliwa mwaka 1907 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, akasomea elimu ya viumbe, kisha akaajiriwa katika idara ya serikali ya uvuvi. Mwaka 1962 alitoa kitabu, Silent Spring, akaeleza kuwa DDT haiozi upesi: humwingia mdudu wa majini, huongezeka mwilini mwa samaki, na huzidi kwa ndege amlaye, hata ashindwe kuzaa. Wenye viwanda walimshambulia, naye akiugua saratani, hakurudi nyuma. Alifariki mwaka 1964. Marekani ilipiga marufuku DDT mashambani mwaka 1972.

Hakutaka dawa zote zikomeshwe. Alidai watu wajue wanachonyunyiziwa. Basi mwanafunzi asiishie kuuliza dawa huua nini, bali huishia wapi, na hasara ni ya nani. Mvuvi hakunyunyiza shamba lolote, lakini maji ya mvua hushukia kwenye mikoko yake. Tuichore njia hiyo ubaoni, kutoka shambani hadi chunguni.