Siti binti Saad: Aliyesomea Uimbaji Ukubwani

Marehemu Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Jina la Siti alilipata baadaye kwa heshima. Chuoni hakukaa wala shuleni hakuingia. Kazi yake ilikuwa kuchukua vyungu na kuvinadi njiani, na sauti yake ikatangulia kujulikana kabla ya uso wake.

Mwaka 1911 alihamia mjini, mtu mzima wa miaka 30 hivi, ameshaolewa na kuachwa. Wangapi katika umri huo husema wakati umekwisha pita? Siti alijifunza. Ali Muhsin, mpigaji wa Ikhwani Safaa, alimfundisha kuimba kwa kufuata ala. Taarabu ya siku zile ilikuwa ya Kiarabu, nayo ya wanaume; asiyejua kusoma hana budi kuhifadhi kwa sikio. Mwishowe aliimba Kiarabu, na zaidi Kiswahili, pamoja na akina Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruku na Maalim Shaabani.

Mwaka 1928 walikwenda Bombay kurekodi santuri. Alifariki Julai 8, 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu.

Leo mtu mzima wa Westlands atakaye muziki ana Kenya Conservatoire of Music mjini Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1944. Lakini mlango kuwa wazi hakutoshi. Siti alikuwa na subira, na alimpata mwalimu asiyeona haya kumsomesha mwanamke wa shamba. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili.