Diallo Telli, katibu mkuu aliyerudi nyumbani

Kila Juni 20 tunapoadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, ni wachache wanaouliza tarehe hiyo ilitoka wapi. Kabla ya kuwa siku ya dunia nzima mwaka 2001, ilikuwa Siku ya Wakimbizi Afrika. Na Juni 20, 1974 ndipo ulipoanza kutumika mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, yaani OAU. Ikiwa wewe ulivuka mpaka ukikimbia vita na ukapokelewa bila kutakiwa kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekuwa anakuwinda wewe binafsi, huenda ulipokelewa kwa nguvu ya mkataba huo. Leo tumkumbuke mtu aliyekuwa katibu mkuu wa OAU ulipokuwa ukiandaliwa.

Diallo Telli alizaliwa mwaka 1925 katika kijiji cha Porédaka, kwenye milima ya Fouta Djallon nchini Guinea, katika jamii ya Wafulani. Wakati huo Guinea ilikuwa koloni la Ufaransa. Alisomea sheria huko Paris, akawa hakimu nchini Senegal, kisha akapanda vyeo hadi kuwa katibu mkuu wa Baraza Kuu la Afrika Magharibi ya Kifaransa mjini Dakar. Kwa Mwafrika wa miaka ile hicho hakikuwa cheo kidogo.

Septemba 28, 1958 wananchi wa Guinea walipiga kura kukataa kubaki chini ya Ufaransa. Ufaransa ilikasirika, ikaondoa wataalamu wake na kukata misaada. Nchi changa ya Rais Sékou Touré ilihitaji wasomi wake wote, na Telli akaitika. Alipelekwa New York kuwa balozi kwenye Umoja wa Mataifa, na huko akawa mwenyekiti wa kwanza wa kamati maalumu ya kupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini.

Mwaka 1964, mjini Cairo, marais wa Afrika walimchagua kuwa katibu mkuu wa OAU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Makao yake yalikuwa Addis Ababa. Cheo chenyewe kiliitwa katibu mkuu wa utawala, na neno hilo la utawala halikuwekwa bure: marais hawakutaka bosi, walitaka karani wa kuwatunzia mafaili. Telli hakuwa mtu wa kutunza mafaili tu. Alisema hadharani kuhusu Rhodesia, makoloni ya Ureno na Afrika Kusini, na baadhi ya wakuu wa nchi walinung'unika kwamba anavuka mipaka ya kazi yake. Pia alilaumiwa kwa msimamo wa OAU wa kuiunga mkono serikali ya Nigeria katika vita vya Biafra. Hata hivyo, mwaka 1968 walimchagua tena.

Suala la wakimbizi lilikuwa mezani tangu mwanzo. Wanyarwanda waliokimbia kuanzia mwaka 1959 walikuwa Uganda, Burundi, Tanganyika na Kongo. Wengine walikuwa wakitoka Sudan, Angola na Msumbiji. Mkataba wa dunia wa mwaka 1951 uliwahusu watu waliokimbia kutokana na matukio ya kabla ya Januari 1951, kikomo kilichoondolewa mwaka 1967 tu. Mwaka huo huo ulifanyika mkutano mkubwa Addis Ababa kuhusu wakimbizi wa Afrika, na kutokana nao OAU ikaanzisha ofisi ya kuwatafutia wakimbizi kazi na nafasi za masomo. Kwa hiyo hoja kwamba mkimbizi anahitaji shule na ajira, na si chakula peke yake, si hoja mpya.

Mkataba wenyewe ulipitishwa Septemba 10, 1969. Tusimpe Telli sifa isiyo yake: uliandikwa na wanasheria wengi, na serikali zilivutana kwa miaka kadhaa. Lakini ni sekretarieti yake iliyoibeba kazi hiyo. Mkataba ulipanua maana ya mkimbizi ili imguse pia mtu anayekimbia uvamizi wa nchi nyingine au machafuko makubwa. Ulikataza kumfukuza mtu mpakani na kumrudisha mahali ambapo uhai au uhuru wake uko hatarini. Ukasema pia kwamba kurudi nyumbani ni kwa hiari, na asirudishwe mtu yeyote bila ridhaa yake.

Mwaka 1972, mjini Rabat, hakupata muhula wa tatu. Sasa aende wapi? Guinea ilikuwa imebadilika. Baada ya shambulio la Wareno mjini Conakry Novemba 1970, Sékou Touré alikuwa amewafunga na kuwaua watu wengi, na maelfu ya Waguinea walikuwa wamekimbilia Senegal na Côte d'Ivoire. Marafiki walimshauri Telli asirudi. Kwa elimu na jina lake angeweza kupata kazi popote. Alirudi, akafanywa Waziri wa Sheria. Kama ni uzalendo, au imani kwamba rais hangemgusa, kila msomaji atapima mwenyewe. Alikuwa waziri mjini Conakry siku mkataba ulipoanza kutumika.

Julai 18, 1976 alikamatwa. Serikali ilidai kuna njama ya Wafulani, na kwamba yeye ni kiongozi wake. Aliteswa katika kambi ya Boiro mpaka akatoa maungamo yaliyotangazwa kwa nchi nzima. Hakufikishwa mbele ya mahakama ya haki, yeye aliyekuwa hakimu. Mwanzoni mwa mwaka 1977 alifungiwa ndani ya seli bila chakula wala maji, pamoja na wafungwa wengine, hadi akafa. OAU, aliyoitumikia kwa miaka minane, haikumwokoa.

Familia yake haikukabidhiwa mwili. Sékou Touré alifariki Machi 1984, siku chache baadaye jeshi likachukua madaraka, na milango ya Boiro ikafunguliwa. Wafungwa walionusurika ndio waliosimulia jinsi Telli alivyokufa. Jamaa za waliofia humo bado wanadai waonyeshwe makaburi ya ndugu zao.