Patrice Lumumba: karani wa posta aliyetunza vitabu vya Stanleyville

Barabara kubwa ya komini ya Ibanda, mjini Bukavu, inaitwa Avenue Patrice Emery Lumumba. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya mji huipita kila siku wakienda masomoni. Wanamjua mwenye jina hilo kama waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, mtu wa hotuba ya tarehe 30 Juni 1960, aliyeuawa chini ya miezi saba baadaye akiwa na umri wa miaka 35.

Lakini kabla ya siasa, Lumumba alikuwa karani wa posta, mtunza vitabu wa kujitolea katika maktaba ya Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, na msaidizi wa mwanasosiolojia aliyefika kuchunguza maisha ya mji huo. Sehemu hiyo ya maisha yake haisimuliwi mara nyingi. Hata hivyo, kwa mtu anayejaribu leo kukusanya vitabu vya sosiolojia kwa ajili ya chuo kikuu cha Bukavu, ndiyo sehemu yenye mafunzo zaidi.

Mtoto wa Onalua

Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, eneo la Katako-Kombe, huko Sankuru. Wazazi wake walikuwa Watetela, watu wa shamba. Alisoma kwa wamisionari Wamethodisti, kisha kwa Wakatoliki, lakini hakumaliza shule ya sekondari. Yaliyobaki alijifundisha mwenyewe, kwa vitabu alivyoazima na kwa masomo ya kuandikiana barua.

Mwaka 1943 hivi aliondoka kwao kutafuta kazi. Alifika Maniema, akawa karani wa kampuni ya madini ya Symétain huko Kalima. Wakati ule Maniema ilikuwa sehemu ya jimbo ambalo makao yake makuu yalikuwa Costermansville, jina la kikoloni la Bukavu. Hakukaa sana. Mwaka 1944 alihamia Stanleyville, na mji huo ndio uliomlea.

Serikali ya kikoloni ilimpeleka Léopoldville kusomea kazi ya posta, naye akarudi kuwa karani wa posta. Mwaka 1951 alimuoa Pauline Opango. Kwa mshahara wake wa karani, vitabu vilikuwa ghali mno. Ili avisome, ilimbidi akae mahali vilipokuwa.

Ndani ya maktaba

Ndivyo alivyoingia katika maktaba ya mji kama mtunza vitabu, bila malipo, baada ya saa za kazi ya posta. Kazi ya mtunza vitabu ni ya subira: kuandika kila kitabu katika daftari, kukipa namba, kujua nani amekiazima na lini atakirudisha. Humfundisha mtu kitu kingine pia. Anayeshika rafu zote kwa mikono yake huona haraka ni vitabu gani vipo na ni vipi havipo.

Lumumba alisoma Rousseau, Voltaire na Victor Hugo. Katika vitabu vya Wafaransa hao alikuta habari za haki, za watu kutawaliwa na za watu kuinuka. Kuhusu Wakongo wenyewe, vitabu vya wakati ule viliandikwa karibu vyote na maofisa wa serikali, wamisionari na wasafiri. Mkongo alikuwa ndani ya kitabu kama mtu anayeelezwa na wengine. Ilikuwa nadra kumkuta kama mwandishi.

Lumumba alianza kuandika. Makala yake yalitoka katika La Croix du Congo na katika La Voix du Congolais, jarida la Wakongo waliosoma lililoongozwa na Antoine-Roger Bolamba. Alisimamia pia L'Écho Postal, gazeti la wafanyakazi wa posta. Akachaguliwa kuongoza chama cha évolués wa Stanleyville, yaani Wakongo ambao wakoloni waliwahesabu kuwa wamestaarabika. Ili kupata cheti cha hadhi hiyo, mtu alichunguzwa mpaka ndani ya nyumba yake. Lumumba mwenyewe alikataliwa kwanza, akakipata mwaka 1954.

Mji unapochunguzwa

Mwaka 1952 Stanleyville ilipokea wageni wa namna nyingine. UNESCO ilitaka kujua jinsi viwanda na miji mipya vilivyokuwa vikibadilisha maisha ya watu wa Afrika, na watafiti watatu, V. G. Pons, Nelly Xydias na Pierre Clément, wakaja kuuchunguza mji huo. Walihesabu watu katika nyumba, wakauliza juu ya mishahara, ndoa, majirani, na vijiji ambavyo watu walitoka.

Clément alihitaji mtu wa kumfungulia milango. Alimpata Lumumba, ambaye alijua mji, alisema Kifaransa vizuri, na aliweza kuongea na watu kwa Kiswahili na Lingala, lugha za mji ule. Alimsaidia Clément katika utafiti, na wawili hao wakawa marafiki, jambo ambalo halikuwa la kawaida kati ya Mzungu na Mweusi katika Kongo ya miaka hiyo.

Kazi hiyo ilimpeleka karani wa posta ndani ya sosiolojia miaka miwili kabla Kongo haijapata chuo kikuu. Lovanium ilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954. Lumumba alikuwa tayari na miaka 29, kazi ya serikali na familia ya kulisha. Uhuru ulipofika mwaka 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima.

Matokeo ya utafiti yalitoka mwaka 1956 katika kitabu kinene cha UNESCO. Pons aliendelea na kazi yake, na mwaka 1969 akatoa kitabu kizima juu ya Stanleyville, kwa Kiingereza. Humo alieleza kwa makini maisha ya wakaaji wa mtaa mmoja, Avenue 21. Ni vitabu vizuri, na vinatumiwa mpaka leo na wanaochunguza miji ya Afrika. Lakini majibu yalitoka vinywani mwa watu wa Stanleyville, na vitabu vikatoka mbali nao. Mtoto wa Avenue 21 aliyetaka kusoma kilichoandikwa juu ya baba yake alihitaji kwanza kujua Kiingereza, kisha kupata maktaba inayokimiliki.

Kitabu kilichochelewa

Julai 1956, aliporudi kutoka safari ya Ubelgiji, Lumumba alikamatwa kwa kuchukua fedha za posta. Alihukumiwa kifungo cha miaka miwili, kikapunguzwa baadaye, na akatoka gerezani Septemba 1957.

Katika kipindi hicho cha kifungo aliandika kitabu. Kilihusu mishahara, shule, elimu ya wanawake, ndoa, mahakama za wenyeji, ardhi, na ubaguzi kati ya Weusi na Wazungu. Kwa maneno mengine, alishika mambo yaleyale ambayo watafiti walikuwa wameyauliza mlango kwa mlango, lakini safari hii mwandishi alikuwa Mkongo. Lugha yake ilikuwa ya upole. Hakudai uhuru wa haraka, aliomba Wabelgiji na Wakongo waishi kwa usawa.

Alituma maandishi hayo kwa mchapishaji mjini Brussels. Hayakuchapishwa. Yalitoka mwaka 1961 tu, yakiitwa Le Congo, terre d'avenir, est-il menacé?, wakati mwandishi alikuwa amekwisha kuuawa na nchi yake ilikuwa imegawanyika. Msomaji wa 1961 alishangaa kukuta Lumumba mpole kiasi hicho. Kama kingetoka mwaka 1957, kingeonyesha Mkongo aliyekuwa anafikiri njiani, kabla hajafika alikofika.

Siasa na kifo

Mambo ya baadaye yanajulikana. Lumumba alihamia Léopoldville, akauza bia ya Polar, na Oktoba 1958 akawa kati ya waanzilishi wa chama cha MNC. Desemba mwaka huo alihudhuria mkutano wa watu wa Afrika mjini Accra. Mwaka 1960 chama chake kilipata viti vingi kuliko vingine bungeni, naye akaunda serikali. Kutoka Kivu, chama cha CEREA kilimuunga mkono, na Anicet Kashamura akawa waziri wake wa habari.

Serikali hiyo haikumaliza miezi mitatu. Septemba 1960 aliondolewa, akafungiwa nyumbani, akatoroka kuelekea Stanleyville, akakamatwa njiani. Tarehe 17 Januari 1961 alipelekwa Katanga na kuuawa usiku pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Miili yao iliharibiwa kwa asidi ili lisibaki kaburi. Jino moja lililochukuliwa na polisi Mbelgiji lilirudishwa kwa familia Juni 2022, miaka 61 baadaye.

Karatasi zilizotawanyika

Waliomuua walitaka asibaki na alama. Karatasi ndizo zilizowashinda. Mwaka 1962 Pierre Clément aliandika katika jarida Présence Africaine juu ya rafiki aliyemjua Stanleyville. Mwaka 1963 Jean Van Lierde alikusanya hotuba na maandishi yake katika kitabu kimoja. Benoît Verhaegen, mtaalamu wa siasa aliyefundisha Kinshasa na Kisangani, alifuatilia nyaraka za ujana wake kwa miaka mingi pamoja na mtafiti Mkongo, Jean Omasombo. Kazi yao ilitoka katika vitabu viwili, mwaka 1998 na 2005. Humo ndimo karani wa posta, mwandishi wa makala na msimamizi wa vyama alipoonekana tena kwa undani. Kitabu cha Ludo De Witte, cha mwaka 1999, kililifanya bunge la Ubelgiji kuunda tume ya kuchunguza mauaji yenyewe.

Vitabu hivyo vyote vilichapishwa nje ya Kongo. Ukivitaka vyote katika rafu moja, itakubidi kuvitafuta Paris, Brussels na London.

Deni la maktaba za Bukavu

Sayansi za jamii za Bukavu zina undugu na mji wa Lumumba. Université Officielle de Bukavu ilianza mwaka 1993 kama tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani. Ilizaliwa katika miaka migumu: wakimbizi wa 1994, kisha vita vya 1996 na 1998. Chuo kikuu kinachoanza hivyo hupata walimu na madarasa kabla ya vitabu, na mwanafunzi huishi kwa silabisi ya mwalimu.

Kununua vitabu vya wanasosiolojia wakubwa wa Ulaya na Marekani ni jambo la lazima, na linawezekana fedha zikipatikana, kwa sababu vinauzwa. Kigumu zaidi ni vile visivyouzwa tena: ripoti za watafiti wa kituo cha Lwiro, kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947, daftari za CERUKI ya ISP Bukavu, magazeti ya zamani ya Kivu, barua za vyama, na memwari za wanafunzi ambazo mara nyingi zina nakala mbili au tatu tu. Kwa sosiolojia ya Bukavu, hayo ndiyo maandishi ya kwanza. Mvua ikipita paa au ofisi ikihamishwa, hakuna duka litakaloyauza tena.

Maisha ya Lumumba yanaonyesha jinsi upotevu huo unavyoweza kuwa mkubwa. Kitabu chake kilikaa kwa mchapishaji miaka minne. Sehemu ya ujana wake isingejulikana vizuri kama Clément asingeandika, na kama Verhaegen na Omasombo wasingefukua makaratasi. Wakongo wengi wa kizazi chake, makarani, walimu na wauguzi walioandika katika magazeti ya miaka ya 1950, hawakupata mtu wa kuwafukulia. Majina yao yamo katika matoleo ya zamani ambayo hayapatikani tena kwa urahisi hata katika miji yalikosomwa.

Kazi hiyo haihitaji kusubiri jengo jipya. Inaanza na daftari, namba juu ya kila kitabu, na mtu anayekubali kubaki baada ya saa za kazi, kama alivyofanya karani mmoja wa posta huko Stanleyville.