Manilal Desai: Karani wa mawakili aliyesimama na Harry Thuku

JINA la Manilal Ambalal Desai halitajwi sana siku hizi. Hata hivyo, katika miaka ya mwanzo ya 1920 alikuwa miongoni mwa watu waliowakera mno walowezi wa Kizungu nchini Kenya, na sababu kubwa ni kwamba alikubali kushirikiana na Waafrika kisiasa wakati ambapo wengi waliona jambo hilo ni hatari.

Desai alizaliwa Gujarat, magharibi mwa India, mwaka 1878. Alifika Nairobi mwaka 1915, wakati Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea Afrika Mashariki. Ni mwaka huohuo ambapo Waingereza waliiangamiza manowari ya Kijerumani, Königsberg, katika delta ya Rufiji.

Tofauti na Wahindi wengi waliomtangulia, hakuja kujenga reli wala kufungua duka. Alikuja kuwa karani katika ofisi ya mawakili wa Kizungu. Hakudumu katika kazi hiyo, lakini ilimzoesha lugha ya sheria, na hiyo ndiyo silaha aliyoitumia maisha yake yote.

Sheria za wakati huo zilikuwa na upande. Mwaka 1919 Wazungu walipewa haki ya kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Wahindi, ambao idadi yao ilikuwa kubwa kuliko ya Wazungu, hawakupewa haki hiyo. Ardhi nzuri ya nyanda za juu ilitengwa kwa ajili ya Wazungu peke yao. Desai aliingia katika uongozi wa vyama vya Wahindi akidai daftari moja la wapiga kura kwa watu wa rangi zote. Aidha, alianzisha gazeti la East African Chronicle kutetea madai hayo.

Hali ya Waafrika ilikuwa mbaya zaidi. Walilazimishwa kubeba kipande, walitozwa kodi, na mwaka 1921 walowezi waliamua kuwapunguzia mishahara kwa theluthi moja. Kijana Harry Thuku, aliyekuwa mhudumu wa simu katika ofisi ya Hazina, aliongoza upinzani dhidi ya hatua hiyo.

Ni hapo njia zao zilipokutana. Desai alimfungulia Thuku milango ya ofisi yake, na mtambo wa gazeti lake ukatumika kuchapa matangazo ya chama cha Thuku. Mwezi Julai 1921, mkutano wa wafuasi wa Thuku ulipitisha maazimio yaliyotumwa London kwa telegramu, yakieleza kwamba Wahindi hawakuwa adui wa Waafrika. Walowezi walighadhibika, kwa kuwa walikuwa wakijinadi kuwa walinzi wa Waafrika dhidi ya Wahindi. Walidai kwamba Thuku alikuwa kibaraka wa Desai, kana kwamba Mwafrika asingeweza kulalamikia mshahara wake bila kufundishwa.

Machi 14, 1922 Thuku alikamatwa. Siku mbili baadaye umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe ulifyatuliwa risasi. Kwa hesabu ya Serikali watu 21 waliuawa, akiwamo Mary Muthoni Nyanjiru. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu bila kufikishwa mahakamani. Gazeti la Desai nalo halikuishi muda mrefu baada ya hapo.

Mwaka 1923 Desai alikuwa katika ujumbe wa Wahindi uliokwenda London. Walirejea na machungu. Waraka wa Devonshire ulitamka kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo ya kwanza, lakini haukuwapa Waafrika hata kiti kimoja cha kukaliwa na Mwafrika. Wahindi walipewa viti vitano katika daftari lao peke yao. Wazungu wakabaki na 11. Wahindi walisusia viti hivyo, na baadhi wakakataa kulipa kodi.

Hatimaye msimamo ulilegezwa, na Desai akaingia katika Baraza. Hakukaa sana. Julai 1926, akiwa safarini Tanganyika, alifariki dunia Bukoba. Thuku alikuwa bado uhamishoni. Aliachiliwa miaka minne baadaye. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia katika Baraza hilo mwaka 1944.

Wahindi wa Nairobi walijenga ukumbi wa kumbukumbu kwa jina la Desai. Lakini kumbukumbu nyingine ilikuwa ya kazi. Sitaram Achariar, aliyekuwa mhariri wa gazeti lake, aliendelea na shughuli za uchapaji, na kuanzia mwaka 1928 mtambo wake ulichapa Muigwithania, gazeti la Kikuyu lililohaririwa na Jomo Kenyatta.